MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Usiku wangu wa kwanza ziwani

 

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Mwezi huu tutaacha ghala kidogo. Nataka niwaeleze habari za kosa nililolifanya mimi mwenyewe, bwana shamba wenu. Kosa hilo karibu limwue kijana wa watu.

Kwa miaka mingi mimi ndiye ninayewaambia ninyi: tayarisheni shamba kabla ya mvua, nunueni mbegu mapema, msingoje. Lakini siku moja nilikwenda mahali nisipopajua, bila matayarisho, na sikutaka kusikia la mtu. Nimeificha habari hii muda mrefu kwa sababu ya aibu. Sasa naona afadhali niiseme. Huenda ikamsaidia mtu.

KWA NINI TULIKWENDA ZIWANI

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2019. Kikundi kimoja cha wakulima wa upande wa Dongobesh, wilaya ya Mbulu, kilikuwa na mpango wa kuchimba bwawa la samaki. Wanakikundi hao hulima mahindi, maharage na vitunguu saumu. Wengi wao walikuwa hawajapata kuona samaki akivuliwa. Wakaniomba niwapeleke Ziwa Basotu, katika wilaya ya Hanang, wakaone wavuvi wanavyofanya kazi, tena wajue bei ya samaki.

Kikundi kikachagua watu watatu. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wao, mzee mwenye busara. Wa pili alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana mwenye nguvu. Wa tatu alikuwa mama mmoja, mweka hazina wa kikundi. Mama huyu hakwenda shule utotoni. Alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la watu wazima. Wakati huo alikuwa amesoma miaka miwili tu. Kila alipokwenda alichukua daftari lake na kalamu.

Tulipanda basi asubuhi, tukapita Haydom, tukafika Basotu mchana.

Ziwa Basotu ni ziwa la maji baridi. Maji yake hayana chumvi kama yale ya Ziwa Balangida. Ukisimama ufukweni ukatazama mashariki, unauona Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417. Ziwa lenyewe si kubwa kama Ziwa Victoria. Mchana unaiona ng'ambo yake. Nilipoliona nilisema moyoni: “Kumbe ni bwawa kubwa tu.” Hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

MZEE MVUVI ANATUKATALIA

Mahali mitumbwi inapoegeshwa huitwa mwalo. Pale mwaloni tulimkuta mzee mmoja mvuvi, anashona nyavu. Tukamwamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibuni. Mnatoka wapi?”

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba tunataka kulala ziwani usiku huo. Tulikuwa tumesikia kwamba wavuvi hutega nyavu jioni na kuzitoa alfajiri. Tulitaka kuona kazi yote, mwanzo mpaka mwisho.

Mzee akatazama mawingu yaliyokuwa juu ya mlima. Halafu akatutazama sisi.

“Mnaotaka kwenda ni wangapi?”

“Tuko watatu. Mama huyu atabaki hapa kwa akina mama wanaokaanga samaki.”

“Mnajua kuogelea?”

“Hatujui.”

“Basi leo siwachukui. Mtumbwi wangu hubeba watu watatu. Ninyi na mimi ni wanne. Tena usiku huu upepo utakuwa mkali. Laleni hapa. Kesho, upepo ukitulia, nitawachukua mmoja mmoja mchana, mpaka mwone nyote.”

Maneno ya mzee yalikuwa mazuri, lakini mimi niliyaona ni ya kutuchelewesha. Nilitaka kupanda basi la kesho yake. Ofisini nilikuwa na taarifa ya kuandika. Basi nikaenda pembeni, nikamtafuta mvuvi mwingine. Nikampata kijana mmoja mwenye mtumbwi wa rangi ya buluu. Naye alisitasita kwanza. Nilipoongeza fedha, akakubali.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliijua methali hiyo. Hata mikutanoni nimeitumia mara nyingi. Siku hiyo sikuikumbuka.

BARUA YA MAMA

Tulipokuwa tunapakia vitu, yule mama akaja na daftari lake. Akamwuliza kijana mvuvi: “Mnakwenda upande gani? Mtarudi saa ngapi?” Kijana akamjibu. Mama akakaa juu ya jiwe, akaanza kuandika polepole, herufi moja moja.

Mimi nikacheka. Nikamwambia: “Mama, tunakwenda kuvua samaki tu. Hatwendi mahakamani.”

Mama hakucheka. Alisema: “Bwana shamba, mwalimu wetu alitufundisha kwamba jambo likiandikwa halisahauliki. Mimi ni msahaulifu. Acha niandike.”

Aliandika hivi, kwa herufi kubwa:

WATU WANNE. MTUMBWI WA BULUU. WANAKWENDA KWENYE MATETE KARIBU NA MKUYU MKUBWA. UPANDE WA MASHARIKI. WATARUDI KESHO SAA 1 ASUBUHI.

Mimi nina cheti cha kilimo. Nimeandika taarifa nyingi katika kazi yangu. Lakini siku hiyo sikuandika hata neno moja, wala sikumpigia mtu simu kumwambia ninakokwenda. Aliyeandika ni mama wa darasa la watu wazima.

TUNAINGIA ZIWANI

Tuliondoka saa kumi na moja jioni. Mtumbwi ulikuwa na watu wanne, nyavu, mfuko wangu wa nguo, chakula, dumu la maji ya kunywa na dumu jingine tupu. Maji ya ziwa yalikuwa karibu sana na ukingo wa mtumbwi. Ningeweza kunawa mikono bila kuinama.

Nilikuwa nimevaa koti zito na mabuti yangu ya mvua, yale ninayoyavaa ninapotembelea mashamba yenu. Chini yangu niliwekewa kitu cha rangi ya machungwa, laini kama mto. Nikakikalia. Baadaye nilikuja kujua kwamba lile lilikuwa jaketi okozi, yaani vazi linalomfanya mtu aelee majini. Lilikuwa moja tu mtumbwini, na bwana shamba alikuwa amelikalia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kijana mvuvi alitega nyavu karibu na matete. Sisi tulitazama na kuuliza maswali. Jua likatua. Tukala ugali wetu na samaki wa kukaanga. Mvuvi akatia nanga. Nanga yenyewe ilikuwa jiwe lililofungwa kwa kamba ya katani. Tukajifunika, kila mtu na blanketi lake.

Upepo ukaanza saa nne usiku. Ulitoka mashariki, upande wa mlima. Kwanza ulikuwa mdogo, halafu ukazidi. Mawimbi yakaanza kuingia mtumbwini. Kijana mvuvi akasema tutoe maji. Akatafuta kopo lake la kuchotea, hakuliona. Alikuwa amelisahau mwaloni. Ikabidi nivue buti langu moja, nalo likawa kopo. Usiku ule buti la bwana shamba lilifanya kazi ambayo fundi wake hakuifikiria.

Nikawasha tochi. Ikawaka kidogo, ikazimika. Betri zilikuwa za zamani. Nikatoa simu mfukoni ili nimulike. Mkono wangu ulikuwa na maji na ulikuwa unatetemeka. Simu ikaniponyoka, ikazama. Sasa tulikuwa gizani, bila taa na bila simu.

Halafu ile kamba ya katani ikakatika. Ilikuwa imeoza. Mtumbwi ukaanza kwenda na upepo. Kijana mvuvi alipiga kafi kwa nguvu ili turudi, lakini mtumbwi ulikuwa mzito na upepo ulikuwa mbele yetu. Akaacha. Alisema afadhali tuache upepo utupeleke ng'ambo, tusije tukapinduka.

Wakati wote ule tulimsikia kiboko ananguruma matetini. Sauti yake ni nzito, unaisikia mpaka kifuani. Mvuvi alituambia kwamba usiku kiboko hutoka majini kwenda kula majani, na kwamba mtu asisimame kati ya kiboko na maji. Hata kama tungelifikia matete, tusingethubutu kushuka gizani.

KIJANA ANAANGUKA MAJINI

Ilipata kama saa tisa usiku. Upepo ulikuwa umepungua kidogo. Mpwa wa mwenyekiti alitaka kwenda haja ndogo. Aliona haya kufanya hivyo akiwa amekaa mbele ya mjomba wake. Akasimama.

Mtumbwi ukainama upande mmoja. Tukasikia kishindo majini. Kijana hayupo.

Mimi nilitaka kuruka nimfuate. Kijana mvuvi alinishika koti, akanivuta chini. Akasema: “Kaa! Ukiruka watakufa wawili.” Alisema kweli. Mimi sijui kuogelea. Tena nilikuwa na koti zito na buti moja mguuni.

Mvuvi akalichukua lile dumu tupu la lita 20. Lilikuwa limefungwa kifuniko barabara, na shingoni lilikuwa na kamba. Akalitupa kule sauti ya kijana ilikotoka, huku anamwita: “Shika dumu! Kumbatia dumu!” Mara ya kwanza hakulipata. Akalivuta, akalitupa tena. Mara ya pili kamba ikakaza. Kijana alikuwa amelishika.

Tulimvuta mpaka nyuma ya mtumbwi. Mvuvi alikataa tusimpandishe kwa ubavuni, maana mtumbwi ungepinduka. Tukampandisha kwa nyuma, wengine tukiwa tumekaa mbele ili kuweka uzito sawa. Katika vurugu hiyo kafi moja likaanguka likapotea. Lilibaki moja.

Ndugu wasomaji, mnafikiri taabu iliishia hapo. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini sivyo. Mnajua baridi ya kwetu mwezi wa Julai. Kijana alikuwa amelowa mwili mzima, na upepo ulikuwa unampiga. Meno yake yaligongana. Alitetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Nguo zangu za akiba zilikuwa mfukoni, lakini mfuko ulikuwa umelowa maji chini ya mtumbwi. Sikuwa nimezifunga katika nailoni.

Baada ya muda akaacha kutetemeka. Mimi nikafurahi, nikasema: “Sasa amepata nafuu.” Mvuvi akasema hapana. Kijana alikuwa anataka kulala. Tulipomwuliza jina la mama yake, alijibu maneno yasiyoeleweka. Mtu aliyelowa akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, na akianza kusinzia na kusema ovyo, huyo yuko karibu na kifo. Wakati ule sikulijua jambo hilo.

Mwenyekiti akamvua mpwa wake nguo zilizolowa. Akavua fulana yake kavu, akamvika. Akamkumbatia kifua kwa kifua, wakajifunika blanketi moja. Tukaongeza koti langu juu yao. Mwenyekiti alikuwa anamsemesha bila kunyamaza, ili asilale. Alimwuliza habari za ng'ombe wao, mmoja mmoja kwa jina.

Kisha akanigeukia. Hakuinua sauti. Akaniambia: “Bwana shamba, huyu ni mtoto wa dada yangu. Nikirudi bila yeye, nitamwambia nini dada yangu?”

Sikuwa na jibu. Nilichukua buti, nikaendelea kutoa maji.

MCHANA UNAFIKA

Kulipokucha, jua lilitokea upande wa Mlima Hanang. Tuliona tuko mbali na mkuyu, ng'ambo ya magharibi, mbele ya matete mazito. Tulikuwa na kafi moja, na mvuvi wetu alikuwa amechoka kabisa. Ilipita saa moja. Tukaanza kupiga kelele. Hakuna aliyejibu.

Kumbe kule mwaloni yule mama alikuwa amekwisha amka. Ilipofika saa moja alitazama ziwani, asituone. Hakungoja mpaka mchana. Alikwenda kwa yule mzee mvuvi na daftari lake, akamsomea alichoandika. Mzee akauliza mara mbili: “Karibu na mkuyu? Una hakika?” Mama akamwonyesha maandishi.

Mzee akapiga hesabu. Walikuwa karibu na mkuyu, upande wa mashariki. Upepo ulivuma usiku kutoka mashariki. Basi kama wako hai, wamesukumwa magharibi. Akaita vijana, wakachukua mitumbwi miwili, wakaja moja kwa moja tulipokuwa. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi walipotuona.

Bila yale maandishi wangeanza kutafuta wapi? Ziwa ni dogo kwa mtu anayelitazama akiwa amesimama nchi kavu. Kwa mtu anayemtafuta mwenzake matetini, ni kubwa sana.

Yule mzee hakunigombeza. Alimtazama mgonjwa kwanza. Akawaambia wenzake wamlaze, wasimkimbize wala kumsugua mikono na miguu. Tulipofika mwaloni akina mama wakampa uji wa moto wenye sukari, kidogo kidogo, kwa kuwa alikuwa ameanza kuweza kumeza. Mtu mmoja akaleta pombe kali, akasema itampa joto. Mzee akaikataa. Pombe humfanya mtu ajisikie ana joto, kumbe joto la mwili linazidi kutoka. Wengine walitaka kumweka chumbani na jiko la mkaa na kufunga mlango. Mama wetu akasema mlango uwe wazi, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana huua watu waliolala. Hilo nalo alilisoma darasani.

Mchana tulimpeleka kijana zahanati. Alipona. Leo ana mke na mtoto.

Tuliporudi kijijini nilikwenda mwenyewe kwa mama yake, nikamweleza yote. Sikumwachia mwenyekiti kazi hiyo. Mama yule alinyamaza kitambo. Halafu akasema: “Bwana shamba, sisi ukija kwetu unatuuliza: mbegu mmeinunua wapi, mmeipima, mmeikagua? Siku nyingine ukimchukua mtoto wa mtu, jiulize wewe kwanza.” Tangu siku ile ninajiuliza.

SI MITUMBWI TU

Huenda mtasema hayo ni ya mitumbwi midogo. Hapana. Makosa hayo hayo yamewaua watu katika vyombo vikubwa.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa imesafiri usiku kutoka Bukoba. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 800. Mwezi wa Septemba mwaka 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Nayo ilikuwa imejaza mno, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa karibu kabisa kutia nanga. Kivuko kile kilikuwa cha watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220.

Tazameni hesabu hiyo. Waliokufa ni zaidi ya mara mbili ya watu waliotakiwa kupanda. Kabla hata mwaka mmoja kutimia baada ya msiba huo, mimi nilipakia watu wanne katika mtumbwi wa watu watatu, kwa sababu ya basi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu wasomaji, haya ndiyo niliyojifunza. Someni pamoja na wenzenu.

1. Msikilize mwenyeji. Akikwambia usiende leo, usimtafute mwingine wa kukwambia nenda.

2. Uliza chombo kinabeba watu wangapi. Usizidishe hata mmoja. Mizigo nayo ni uzito.

3. Kila mtu avae jaketi okozi kabla ya kuondoka ufukweni. Usilikalie. Usiliweke chini ukasema utalivaa hatari ikija.

4. Vaa nguo nyepesi. Usivae mabuti marefu chomboni. Yakijaa maji yanakutatiza.

5. Usisimame katika mtumbwi. Ukitaka kwenda haja ndogo, tumia kopo ukiwa umekaa. Hakuna aibu. Aibu ni msiba.

6. Kagua kamba, nanga, makafi, tochi na kopo la kutolea maji. Funga nguo kavu na simu katika nailoni.

7. Chukua dumu tupu lenye kifuniko na kamba. Mtu akianguka mtupie dumu. Usiruke majini kama hujui kuogelea.

8. Aliyelowa avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, akumbatiwe, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama ana fahamu na anaweza kumeza. Asipewe pombe. Apelekwe zahanati.

9. Sikiliza redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari.

10. Andika barua. Andika ni watu wangapi, chombo gani, mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi. Mwachie mtu atakayeisoma.

KWA WASIO NA ZIWA

Baadhi yenu mtasema: “Sisi tuko milimani, hatuna ziwa.” Lakini mna malambo ya kunyweshea ng'ombe. Mna mito inayojaa wakati wa masika. Na sasa vikundi vingi vinachimba mabwawa ya samaki. Bwawa lenye kina cha mita moja linatosha kabisa kumzamisha mtoto.

Kile kikundi cha Dongobesh kilichimba bwawa lake. Siku ya kwanza, kabla hata ya kutia maji, mwenyekiti aliweka uzio wa miti na miiba kuzunguka bwawa lote. Halafu akachimbia nguzo ukingoni. Juu ya nguzo akatundika dumu tupu la lita 20, lenye kifuniko na kamba ndefu. Watoto wanakatazwa kulichukua kwenda nalo kisimani. Nilipokwenda kukagua bwawa, aliyekuwa wa kwanza kunionyesha dumu hilo ni yule mpwa wake.

Nanyi mfanye hivyo. Dumu la zamani halina gharama.

Mwezi ujao tutarudi ghalani, tuzungumze juu ya dumuzi. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mzee mvuvi alikataa kuwachukua?
2. Bwana shamba alifanya makosa mangapi kabla ya kuingia ziwani? Yatajeni.
3. Barua ya mama iliwasaidia nini watafutaji?
4. Katika kijiji chenu kuna lambo, mto au bwawa gani la hatari? Mtafanya nini ili watoto wasizame?
5. Kila mtu aandike barua fupi ya safari, kama ile ya mama, halafu amsomee mwenzake.